Nahodha Aliyehamia Nchi Kavu: Tishali Zinazojiendesha Barani Ulaya

Wahenga walinena kuwa manahodha wengi, chombo huenda mrama. Katika mito na mifereji ya Ulaya, methali hii sasa imepinduliwa: itakuwaje nahodha mmoja akikabidhiwa vyombo kadhaa, ilhali yeye mwenyewe hayumo hata katika kimoja? Makala haya yanafafanua uchukuzi wa shehena kwa tishali zinazojiendesha, na kubainisha kwamba kiini cha suala hili ni dhamana zaidi ya mitambo.

Chanzo cha jambo hili ni gharama. Tishali kubwa ya mto Rhine, yenye urefu wa mita 110, huweza kubeba takriban tani 3,000. Tishali ndogo ya mifereji, yenye urefu wa mita 38.5, hubeba tani 250 hadi 350 tu. Zote mbili zahitaji mabaharia. Hivyo basi, mshahara wa mabaharia hulemea kila tani ya chombo kidogo kuliko ya kikubwa, na shehena huhamia kwenye malori. Isitoshe, mabaharia wengi wanazeeka, na vijana hawavutiwi na kazi inayowatenga na jamaa zao kwa majuma mengi.

Ili kuziba pengo hilo, chombo hupewa macho na akili ya mashine. Setilaiti hukijulisha kilipo. Rada, kamera na miale ya leza huonyesha vilivyo mbele yake. Nacho kifaa cha kupima kina huchunguza maji yaliyo chini. Kompyuta hulinganisha habari hizo na ramani, kisha huamuru usukani na injini. Kazi hii si rahisi. Baharini mna nafasi ya kugeuka, lakini mferejini vyombo viwili hupishana kwa mita chache tu, na madaraja hayasogei. Kina nacho hubadilika: katika ukame wa mwaka wa 2018, maji ya Rhine yalipungua mno hata tishali nyingi zikalazimika kubeba sehemu tu ya shehena zao.

Tume Kuu ya Uabiri wa Rhine, ambayo misingi yake iliwekwa katika Mkutano wa Vienna wa 1815, ilitoa mwaka wa 2018 ufafanuzi wa ngazi za uendeshaji huu, kuanzia 0 hadi 5. Katika ngazi ya 0 hadi ya 2, nahodha ndiye angali anaongoza chombo, kwa ukamilifu au kwa sehemu. Katika ngazi ya 3, mtambo huongoza, ila nahodha hana budi kuwa tayari kuitikia unapomwita. Katika ngazi ya 5, mtambo haumtegemei binadamu kamwe.

Aghalabu watu huchanganya ngazi hizi na uongozaji wa mbali. Chombo kisicho na mtu ndani si lazima kiwe kinajiendesha. Huko Flanders, Ubelgiji, kampuni ya Seafar imeongoza tishali kutoka kituo kilichoko Antwerp: nahodha huketi mbele ya viwambo, nchi kavu, akiwa na usukani wake. Hapo binadamu hajaondolewa; amehamishwa.

Uhamisho huu ndio unaozua utata. Kanuni za Rhine zilijengwa juu ya nahodha aliyemo chomboni. Tishali ikigonga daraja, nani atawajibika: mwenye chombo, aliyeunda programu, au aliyekuwa mbele ya kiwambo? Kiswahili kina la kuchangia hapa. Neno nahodha lina asili ya Kiajemi, na maana yake ya awali ni bwana wa chombo. Neno rubani nalo lilimtaja mwelekezaji wa merikebu kabla ya kupaa angani na ndege. Kazi yake ilibadilika, dhamana yake ikabaki. Vivyo hivyo, nahodha aweza kuhamia ofisini na kubaki nahodha, mradi dhamana ihame naye na vyombo alivyokabidhiwa visizidi uwezo wake wa kuviangalia. Bila ya hayo, chombo kitakuwa na usukani lakini hakitakuwa na bwana, nacho kitakwenda mrama hata bila manahodha wengi.