Gumba la Mwenda, kidole cha Jamerson

Anayesikia Masanga, wimbo wa mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda, kwa mara ya kwanza huuliza: hawa wapigaji ni wangapi? Ni mmoja. Mwenda alikuwa kijana wa miaka kama 22 mrekodi wa muziki Hugh Tracey alipomrekodi mjini Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952. Mkono wake wa kulia ulitumia vidole viwili tu: gumba na kidole cha shahada. Huyo unayedhani ni mtu wa pili, aliyekaa kando akishikilia mdundo, ni gumba.

Gumba hilo ndilo lililokuwa besi ya Katanga, kusini mwa Kongo, kabla besi haijapata chombo chake, na naona limesifiwa kidogo mno.

Kazi yake iko hivi. Gitaa kavu lina nyuzi sita. Zile nene ni za gumba, linalozipiga kuelekea chini. Nyembamba ni za kidole cha shahada, kinachozidonoa kuelekea juu. Gumba huenda kwa hatua sawa, na halisimami hata mwimbaji anapovuta pumzi. Kidole cha shahada huingia kwenye nafasi zinazobaki kati ya hatua hizo, na hapo ndipo utamu ulipo: gumba likigawa mwendo kwa mbili, kidole chaweza kuugawa kwa tatu, na sikio likashindwa kuamua lifuate upi. David Rycroft, mtaalamu wa muziki, aliuchambua upigaji wa Mwenda katika makala ya sehemu mbili kwenye jarida la African Music, mwaka 1961 na 1962. Ni wapiga gitaa wachache wa Afrika waliopewa heshima hiyo wakati ule.

Ukitaka kupima mpigaji wa mtindo huu, mfunike kidole cha shahada kwa mawazo, usikilize nyuzi nene peke yake. Gumba la mvivu hurudia sauti ileile mpaka wimbo uishe. La Mwenda hutembea. Linashuka ngazi ya sauti, linapanda, linatangulia kufika pale wimbo unapoelekea. Lingeweza kuimbwa kama wimbo wa pili.

Mtindo huo ulikulia katika miji ya shaba. Kampuni ya migodi ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilikusanya wafanyakazi kutoka Kasai, Rwanda na Rhodesia ya Kaskazini, na Kiswahili kikawaunganisha. Jioni, katika kambi za migodi na mitaa ya Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kama ule uitwao Kenya, hapakuwa na orkestra ya kukodi. Palikuwa na gitaa moja na pengine chupa tupu ya kugonga. Mpigaji alilazimika kubeba kila kitu mwenyewe, na mzigo mzito zaidi ukaangukia gumba.

Wapiga gitaa Édouard Masengo na Losta Abelo walipita njia hiyohiyo. Mwenda na Masengo walifika mpaka Nairobi, na nyimbo zao zikawafikia vijana wa magharibi mwa nchi ya Kenya, inayolingana jina na mtaa wetu. Huko George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, alijenga mtindo wa omutibo: vidole viwili, gumba lisilochoka, na chupa ya soda inayokwaruzwa pembeni. Mwenda mwenyewe alipanda jukwaa la Newport, Marekani, mwaka 1969. Alifariki mwaka 1990 katika ajali ya gari nchini Zambia.

Marekani hiyohiyo ilikuwa na mtu ninayemwona kuwa ndugu yake kikazi. James Jamerson, mzaliwa wa South Carolina mwaka 1936, alikuwa mpiga besi wa studio ya Motown mjini Detroit. Nyuzi alizidonoa kwa kidole kimoja, cha shahada, ambacho wenzake walikipa jina la Ndoano. Alianzia besi kubwa ya kusimama, kisha akahamia gitaa la besi la Fender. Hakupenda kubadilisha nyuzi zake, kwa hiyo sauti yake ilikuwa nzito na butu. Nyimbo nyingi za soul zilizochezwa dunia nzima miaka ya 1960 zilibebwa na kidole hicho, lakini majalada ya santuri hayakumtaja. Jina lake lilichapishwa mwaka 1971 tu, kwenye albamu ya What's Going On ya Marvin Gaye. Alikufa mwaka 1983, na Rock and Roll Hall of Fame ilimwingiza mwaka 2000.

Mwenda alibahatika kwa upande huo: gumba lilikuwa lake, wimbo wake, na jina likabaki. Orkestra za umeme zilipoenea Kongo, kazi ya gumba ilikabidhiwa mtu wa pili mwenye gitaa la besi, na hapo nasi tukaiga kosa la Detroit. Mashabiki wa rumba watakutajia waimbaji na wapiga solo bila kusita; waulize nani alipiga besi, uone wanavyotazamana.

Kwa hiyo ninyi mnaorekodi leo Lubumbashi, mnapotoa wimbo, andikeni jina la mpiga besi pamoja na la mwimbaji. Ni mstari mmoja tu, na hauna gharama.