Kukereza nailoni bila kuiyeyusha

Wadau, wengi mnauliza kwa nini bushi ya nailoni inatoka na nyuzinyuzi kama imetafunwa. Jamani, plastiki si chuma! Chuma husambaza joto haraka. Kwenye nailoni joto linabaki palepale kisu kinapokata. Nailoni 6 huyeyuka kwenye nyuzi 220 hivi za Selsiasi, ila hulainika mapema zaidi.

Mimi nanoa kisu kikali kama wembe, halafu nakiacha kikate kwelikweli. Kikisugua tu, joto hilo! Utepe ukijiviringisha kwenye kazi, zima mashine kwanza, ndo uutoe. Vidole havina spea. Na usipime nailoni ikiwa ya moto, imetanuka hiyo. Ikipoa inanywea, bushi inacheza, mteja anadai hela yake.