Fahamu: Kwa nini tovuti ya matokeo huchelewa kujibu

Matokeo ya mtihani yakitoka, wazazi wengi hutafuta namba za watahiniwa kwa wakati mmoja. Kanzidata inayohifadhi matokeo hayo, ikiwa haina faharasa (orodha iliyopangwa inayoonyesha kila rekodi ilipo), hulazimika kupekua rekodi moja baada ya nyingine, hata zikiwa milioni moja. Ikiwa na faharasa ya mti-B, muundo uliobuniwa na Rudolf Bayer na Edward McCreight walipokuwa wakifanya kazi Boeing, hushuka ngazi tatu au nne tu na kuifikia namba.

Lakini kuwekea faharasa kila kitu ni kosa: faharasa hula nafasi, na kila rekodi mpya ikiingia, faharasa nayo lazima irekebishwe. Iwekwe pale watu wanapotafuta. Anayetafuta kwa jina la ukoo hasaidiwi na faharasa iliyopangwa kwa jina la kwanza.