Roketi ya maji ya etaji mbili: jaribu chini kwanza, kabla ya kurusha

Chupa ya plastiki ya sukre, maji kidogo na pampu ya baiskeli vinatosha kurusha roketi. Vijana wengi wakishaona chupa moja imepanda, wanataka kuweka ya pili juu yake. Hapo ndipo hatari inaongezeka.

Inafanya kazi namna gani? Chupa inatiwa maji karibu theluthi moja, kisha hewa inasukumwa ndani. Ikiachiwa, hewa inafukuza maji kwenda chini, nayo chupa inaenda juu. Kwa presha ya bar 4, maji yanatoka kwa mwendo wa karibu kilomita 100 kwa saa. Lakini yanaisha haraka sana, chini ya robo ya sekunde.

Etaji ya pili inasaidia juu ya ile sababu. Chupa ya chini ikiisha maji inakuwa mzigo tu. Inaachwa ianguke, na ya juu inaendelea, ikiwa nyepesi na tayari na mwendo. Shida iko pale zinapoungana. Hewa inapita toka chini kwenda juu kwa valvu inayoizuia kurudi, na kifungo kinapashwa kuachia wakati presha ya chini imeshuka. Kikiachia mapema, chupa ya juu inaruka ovyo. Kikikataa kabisa, roketi inaanguka ikiwa bado na presha ndani.

Kwa hiyo, majaribio yanaanza bila kurusha. Kwanza, kila chupa inajazwa maji mpaka juu kabisa, inapewa presha inayopita ile itakayotumiwa, na watu wanasimama mbali. Maji hayabanwi kama hewa: chupa ikipasuka, yanamwagika tu. Ikipasuka na hewa nyingi ndani, vipande vinaruka. Chupa laini za maji ya kunywa hazifai, hata zile zilizokwaruzwa ao kukunjwa. Pili, kila etaji inarushwa peke yake. Tatu, kifungo kinajaribiwa kwa presha ndogo. Kisha tu zinaunganishwa.

Siku ya kurusha, kamba ya kuachia iwe ndefu, mita 10 ao zaidi. Kichwa cha roketi kisiwe cha chuma. Ikikwama, hakuna kuinama juu yake: presha itolewe kwa mbali.

Hata wakubwa wanakosea. Mwaka 2009, roketi Troposphère V ya Mkongomani Jean-Patrice Keka, ambayo haikutumia maji, iliondoka Menkao karibu na Kinshasa, ikageuka upande badala ya kupanda.

Jambo la mwisho linahusu huku kwetu mashariki. Chupa ikipasuka, inalia kama risasi. Shefu wa mtaa na majirani wajulishwe mapema, ili mchezo wa fizike usikimbize watu wakibeba watoto mgongoni.