Mwanafunzi Uwandani na Msimamizi Wake

Utafiti wa mwanafunzi wa shahada ya kwanza mara nyingi huchukuliwa kuwa zoezi la kutafuta alama. Mradi wa Maji Maji wa Dar es Salaam waonyesha vingine. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia, chini ya walimu na watafiti kama John Iliffe na Gilbert Gwassa, walikwenda kuwahoji wazee juu ya vita vya 1905 hadi 1907. Nyaraka za Wajerumani zilikuwapo, lakini zilisimulia vita kwa jicho la mtawala. Mwalimu alikuwa na swali. Mwanafunzi alikuwa na lugha, ujamaa na wenyeji, na subira ya kukaa barazani. Iliffe alizitumia karatasi hizo katika kitabu chake cha historia ya Tanganyika cha mwaka 1979. Baadaye Jamie Monson na Thaddeus Sunseri waliitilia shaka tafsiri ya kizalendo ya vita hivyo. Hata hivyo, maneno ya wazee yalikuwa yamekwisha kuandikwa, nayo yakaweza kusomwa upya. Tafsiri ya msimamizi huchakaa kabla ya daftari la mwanafunzi.

Huko Vuhovi, karibu na Butembo, kazi ya namna hiyo ingali inangoja. Kinande ni lugha ya nyumbani, Kiswahili cha sokoni na barabarani, Kifaransa cha darasani. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020 iliua watu zaidi ya 2,200, na Vuhovi ilikuwa miongoni mwa kanda za afya zilizoguswa. Neno la Kifaransa «riposte», lililokusudiwa kutaja mapambano dhidi ya ugonjwa, kwa wengi likawa jina la watu wenyewe, magari yao na fedha zao. Ni nani alilitumia, katika sentensi gani, na lilichanganywaje na Kinande? Kijana aliyelelewa huko atajibu kabla ya mhadhiri aliyezoea Kiswahili sanifu cha vitabuni. Bali atahitaji mhadhiri huyo amfundishe kutenganisha alichosikia na alichodhani, jambo ambalo wenyeji hulikosea kuliko wageni.

Msimamizi anayetia sahihi bila kusikiliza kanda hata moja hujinyima nafasi ya kusahihishwa. Nakala safi hubaki maktabani. Madaftari ya mahojiano, yenye thamani zaidi, hurudishwa nyumbani na pengine kuishia kufungia karanga.