Usafi wa Nishati Safi: Funzo la Upepo wa Turkana

Istilahi "nishati safi" imezoeleka mno magazetini na katika hotuba za viongozi, hivi kwamba ni nadra mtu kuuliza usafi huo ni wa nini. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kuwa kivumishi hicho hueleza habari za moshi tu. Hakitwambii ardhi ilipatikana vipi wala kwa ridhaa ya nani.

Tuchukue mfano wa Loiyangalani, kusini-mashariki mwa Ziwa Turkana, katika Kaunti ya Marsabit. Huko upepo hubanwa baina ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya, ukashika kasi mithili ya maji yapitayo mferejini. Pamesimikwa vinu 365. Upepo huzungusha mapanga, mapanga yakazungusha jenereta, nayo jenereta ikazalisha umeme pasipo kuchoma mafuta. Kila kinu kina uwezo wa kilowati 850. Vyote kwa jumla ni takriban megawati 310.

Hiyo ndiyo sayansi. Siasa nayo ilijitokeza kwanza kwenye nyaya. Vinu vilikamilika mwaka wa 2017, ilhali njia ya umeme ya kilomita 428 hadi Suswa, iliyokuwa jukumu la serikali, haikuwa tayari hadi 2018. Muda huo wote upepo ulivuma bure.

Zito zaidi lilikuwa suala la ardhi. Mradi ulikuwa umekodishiwa ekari 150,000 katika eneo la wafugaji. Wenyeji walifika mahakamani mwaka wa 2014, na mnamo Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru iliamua kwamba hatimiliki zilitolewa bila kufuata sheria.

Hatusemi kwamba vinu ving'olewe. Taifa linauhitaji umeme huo. Hata hivyo, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka mkataba wa uwekezaji uidhinishwe na thuluthi mbili ya watu wazima wa jamii mkutanoni. Je, mtu ataridhia vipi asichokielewa? Hapa ndipo wajibu wetu wanafunzi wa Kiswahili ulipo: kuzifafanua "hatimiliki", "fidia" na "ukodishaji" kwa lugha inayomfikia mfugaji kabla hajatia sahihi. Wahenga walinena kuwa asiyekuwapo na lake halipo. Na aliyepo mkutanoni bila kuelewa hana tofauti na asiyekuwapo.