Kitabu Kipo, Lakini Kipo Wapi? Taarifa za Hazina katika Rekodi za Katalogi

Makala haya yanakusudia kueleza jambo ambalo wanafunzi wa Kiswahili hulikuta kila waingiapo maktabani bila ya kulipa jina: namna rekodi ya katalogi inavyomfahamisha msomaji ni nakala zipi ambazo maktaba inazo, ni ngapi, na zimewekwa wapi. Mfano wetu mkuu unatoka Garissa, Kaskazini Mashariki mwa Kenya, kwani huko ndiko swali la "kipo wapi?" linakodhihirisha uzito wake.

Yafaa kwanza tutofautishe mambo mawili. Sehemu moja ya rekodi huieleza kazi yenyewe: mwandishi, anwani, mchapishaji na mwaka. Riwaya ya Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996, huelezwa kwa namna ileile iwe imehifadhiwa Nairobi, Dar es Salaam au London. Sehemu ya pili haihusu riwaya bali inaihusu maktaba: ina nakala mbili au ishirini, ziko tawi gani, rafu gani, na ipi imepotea. Hii ndiyo tunayoiita taarifa za hazina. Wapo wanaopendelea neno milki, lakini milki humtaja mwenye mali tu, ilhali msomaji hamtafuti mwenye mali, anatafuta kitabu.

Katika muundo wa MARC 21, ambao maktaba nyingi duniani huufuata, taarifa hizi huandikwa hasa katika uga wa 852. Uga huo umegawanywa katika vijiuga vyenye alama za herufi. Kijiuga a hutaja taasisi, b hutaja tawi au mkusanyo, c hutaja mahali pa rafu, h hubeba namba ya uainishaji (kwa fasihi ya Kiswahili katika mfumo wa Dewey ni 896.392), p hubeba namba ya utambulisho wa nakala, na t namba ya nakala. Kijiuga z ni cha maelezo ambayo msomaji ataonyeshwa, na x ni cha maelezo ya ndani yasiyoonyeshwa umma. Uga huu waweza kupachikwa ndani ya rekodi ya kitabu chenyewe, au kuwekwa katika rekodi ya hazina iliyo peke yake na kuunganishwa na ile ya kwanza. Kwa kitabu cha juzuu moja, kupachika kunatosha.

Sasa tuutazame mfano wa Garissa. Mwaka 1996 Huduma ya Maktaba za Taifa ya Kenya ilianzisha huko maktaba ya ngamia, ikiwa na ngamia watatu, ili kuwafikia wafugaji wanaohamahama na shule zilizo mbali na mji. Ngamia mmoja alibebeshwa masanduku mawili, kila moja likiwa na vitabu takriban 200. Mwingine alibeba hema ambalo chini yake wasomaji waliketi. Kwa mkatalogi, hapa pana mtihani. Kijiuga c hudhani kwamba rafu haisogei. Je, kitabu kilichomo sandukuni kiandikwe kuwa kiko Garissa, au kiko safarini? Ukiandika Garissa, msomaji aliyeko mjini atakitafuta asikione. Ukiandika safarini tu, baada ya mwaka hutajua kitabu hicho kirejeshwe wapi.

Programu ya Koha, iliyozaliwa New Zealand na kutolewa mwaka 2000, inalijibu swali hili vizuri kuliko uga wa 852 peke yake. Hutumia uga wake wa 952, ambamo kijiuga a ni maktaba ya nyumbani na kijiuga b ni mahali kitabu kilipo kwa sasa. Kila sanduku laweza kupewa hadhi ya tawi: a hubaki Garissa, b hubadilika msafara unapoondoka na unaporejea. Penye kadi za karatasi, jambo hilohilo hufanyika kwa penseli kwenye kadi ya orodha ya rafu. Penseli, si wino, kwa sababu iliyo wazi.

Tumfikirie mwanafunzi wa sekondari aliyeko Hulugho, karibu na mpaka wa Somalia, anayehitaji riwaya hiyo kabla ya mtihani. Akiambiwa kwamba "kitabu kipo", naye akasafiri hadi Masalani au Garissa mjini akakuta nakala hiyo ilipotea zamani, amepoteza nauli na siku nzima. Mhifadhi angeweza kumwepusha na hayo kwa kusahihisha kijiuga kimoja. Ndiyo maana kuhesabu anwani bila ya kuhesabu nakala ni takwimu ya kujifurahisha.

Majarida ni mlima mwingine. Jarida tulijualo leo kwa jina la Kiswahili lilianza mwaka 1930 kama taarifa ya Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, likabadilisha majina zaidi ya mara moja. Kila jina lina rekodi yake ya maelezo, na rekodi hizo huunganishwa. Kisha juzuu ambazo maktaba inazo huandikwa ama kwa maneno ya kawaida katika uga wa 866, ama kwa jozi ya nyuga za 853 na 863, ya kwanza ikieleza mpangilio wa juzuu na toleo, ya pili ikitaja namba zenyewe. La muhimu ni kuandika mapengo. Mtafiti anayesoma kwamba maktaba ina jarida "tangu 1930" atadhani hakuna kilichokosekana.

Jambo la mwisho linatokana na sheria. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 linazitaja maktaba miongoni mwa majukumu ya kaunti. Tawi linapohama kutoka huduma ya taifa kwenda kaunti, kijiuga a cha kila nakala sharti kibadilishwe, na busara ni kuacha katika kijiuga x jina la mmiliki wa awali na tarehe ya makabidhiano. Namba ya nakala katika kijiuga p isiguswe, kwani ndiyo iliyobandikwa kwenye kitabu chenyewe, kiwe rafuni au sandukuni.